Sura ya Nne: Pishi ya Usiku

Msimu wa karafuu ukishika, Pemba hailali mapema. Wachumaji hushinda juu ya miti, jioni wanateremka na mapolo mabegani, na kazi bado haijaisha: kuna kuchambua. Nyumba nzima, pamoja na majirani waliokuja kusaidia, huketi kulizunguka lundo bichi, vidole vikitenga karafuu na makonyo, harufu ikipanda mpaka macho ya mgeni yakatoka machozi. Karafuu huwekwa upande huu zingojee jua la kesho. Makonyo huwekwa upande ule, nayo hayatupwi. Yana kiwanda chake pale Wawi, jirani na Chake Chake, kinachoyatoa mafuta. Halafu inaletwa pishi.

Pishi ni vibaba vinne, hesabu ambayo zamani kila mtoto wa pwani aliijua kabla hajaijua shule. Mchumaji hulipwa kwa alichochuma, na anayepima ni yule anayelipa. Mkono ukipita juu ya kipimo ukafuta, hiyo ni pishi ya mfuto. Mkono ukiacha kilele, hiyo ni pishi nyingine, kubwa zaidi, ila jina lake ni lilelile na malipo yake ni yaleyale. Kiganja kikishindilia kwanza ndipo kikaongeza, hapo tena usiulize. Mchumaji amechoka, taa ni moja, na baina ya pishi ya haki na pishi ya dhuluma hakuna zaidi ya konzi moja ya karafuu. Mchumaji naye si malaika: chini ya polo lake huenda kuna majani aliyoyafunika vizuri.

Usiku kama huo ndipo utakaposikia mtu akimwambia mwenzake, kwa sauti ya chini isiyo na ugomvi: "Mche Mungu, bwana." Hapelekwi mtu kwa sheha wala polisi. Neno hilo limekwisha kusemwa, na mkono unaopima ama utalegea ama utakaza. Sura hii nzima inauhusu mkono huo.

Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Tunaogopa nyoka, tunaogopa deni, tunahofia mvua isinyeshee karafuu zilizo jamvini. Mungu tunamcha. Zamani kitenzi hiki kilikuwa na kazi nyingi zaidi. Methali ya mcha mwana kulia inaonyesha kwamba hata mtoto aliweza kuchewa, na mzazi wake akalia badala yake. Leo matumizi hayo yamenyauka na kitenzi kimebaki karibu chote mikononi mwa Mungu. Kikazaa mcha Mungu, uchaji na kicho. (Wapo wanaopenda kukiunganisha na kucha kwa asubuhi, wakahubiri vizuri sana juu ya kicho na mapambazuko. Mahubiri ni matamu, lakini sarufi haiwaungi mkono, na mimi nawaachia.)

Neno hili halikuletwa na wamisionari. Askofu Edward Steere, aliyefariki Unguja mwaka 1882, alilikuta midomoni mwa watu alipokuwa akitafsiri Biblia kwa Kiswahili cha Unguja. Watafsiri wa Biblia ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, walilikuta vilevile. Na Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani alipoifasiri Qurani, wale wenye takua aliwaita wachamngu. Kwa hiyo Mkristo wa Pemba anapomwambia jirani yake "mche Mungu", haazimi neno la jirani wala hamkopeshi la kwake. Wote wawili wamelikuta nyumbani.

Kitabu cha Mithali, tangu sura yake ya kwanza, kinasema kicho hiki ndicho kinachotangulia maarifa. Tumezoea kukielewa hicho "kutangulia" kama darasa la kwanza: unalipita, unaendelea na makubwa. Mimi nakielewa kwa jamvi. Anayeanika karafuu huanza kwa kutandika, na akishatandika hatandui akasema sasa karafuu zinajitegemea. Akilitoa jamvi, karafuu zilezile nzuri zitashika mchanga na unyevu, na kwenye kituo cha kununulia zitarudishwa daraja. Msomi asiye na kicho anajua yote anayoyajua, ila yameanikwa juu ya udongo.

Lakini Mithali si mahali ninapopenda kuanzia ninapotaka kueleza kicho. Naanzia Walawi, kitabu ambacho wasomaji wengi wa Biblia hukivuka mbiombio kama uwanja wenye miiba. Katika sura ya 19 mna katazo la ajabu: usimlaani kiziwi, usimwekee kipofu kitu cha kumkwaza; na papo hapo, bila kueleza, andiko linaongeza kwamba umche Mungu wako. Kwa nini kicho kitajwe hapo, kisitajwe kwenye madhabahu? Kwa sababu kiziwi hatasikia alivyotukanwa, na kipofu hatajua nani aliweka jiwe. Hakuna shahidi na hakuna mlalamikaji. Sura ya 25 inarudia neno lilelile juu ya bwana na mtumishi wake: usimtawale kwa ukali, umche Mungu wako. Ukifuata nyayo za neno hili ndani ya Sheria utaliona linasimama mahali palepale kila mara, pale mkono wenye nguvu unapokutana na mkono dhaifu, na taa ni moja.

Pemba imewahi kuwa na watu waliotaka kuogopwa. Kusini-mashariki ya Chake Chake, huko Pujini, yako magofu ya ngome inayohesabiwa kuwa ya karne ya 15. Wenyeji wanasema ni ya Muhammad bin Abdulrahman, ambaye jina alilobaki nalo ni Mkama Ndume, mkamuaji wa wanaume. Masimulizi yanasema aliwabebesha watu mawe ya ujenzi wakienda kwa kujiburura kwa makalio. Yanasema pia kwamba kisima chake kilikatwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakati wa kuteka maji, jambo linalonifanya nidhani kwamba mtu aliyekitetemesha kisiwa kizima hakuwa na raha nyumbani kwake. Ngome imebomoka, mawe yametawanyika, na jina lililobaki ni la matusi. Hofu ilimpa kila kitu isipokuwa heshima.

Ukristo nao, ulipofika pwani hii kwa mara ya kwanza, ulikuja na mizinga. Napenda kulisema hili waziwazi kwa sababu wahubiri wetu hupenda kuianza historia mahali pazuri. Sultani Hasan wa Mombasa na Malindi, aliyeihesabu Pemba katika nchi zake, aligombana na kapteni wa Kireno, akauawa mwaka 1614, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe, Yusuf, naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa Dom Jerónimo. Kisha akarudishwa Mombasa na taji kichwani: mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, Mkristo, mtiifu. Agosti 1631 aliingia ndani ya Fort Jesus, ngome ya Wareno, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye dini ya baba zake, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa, Waafrika waliobatizwa wakiwemo.

Wale waliokufa Kanisa huwakumbuka kama mashahidi wa imani, na ndivyo inavyostahili. Ila kila nikifika kwenye habari hiyo namtazama pia yule mtoto. Alifundishwa sala na watu wa taifa lililohusika na kifo cha baba yake. Alijua kuogopa, akajua kutii, akajua kupiga magoti. Nani angemfundisha kucha? Kicho hakiingii kwa mlango huo. Hofu ikijifunga kanzu ya ibada inaweza kukaa miaka mingi bila kutambulika, hadi siku mwenye kuogopesha alegee mkono.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 1995 Pemba nzima ilitoka nje kulala. Kulikuwa na Popobawa, jini la usiku lililosemwa linawavamia watu vitandani, na kivuli chake kilisemwa kufanana na bawa la popo. Watu walikoka moto uani, wakalala kwa makundi, mmoja akikesha. Baadaye hofu ilivuka mkondo ikaingia Unguja, na mjini umati wa watu ukamuua mtu mgonjwa wa akili ukimdhania ndiye.

Sitasimama hapa kubishana kama Popobawa yupo au hayupo. Waliokesha usiku ule hawahitaji mimi niwafundishe walichokiona. Nataka tulitazame jambo moja tu, yaani mtu aliyeuawa. Umati ulikuwa na hofu, hofu ikatafuta mwili wa kuishukia, ikampata asiyeweza kujieleza. Ndiye kiziwi yule wa Walawi, ndiye kipofu. Kwa hiyo siamini wanaosema kwamba kicho na hofu ni kitu kimoja chenye majina mawili, moja la heshima na moja la mtaani. Hofu inamtafuta mnyonge ili imtwishe. Kicho kinamtafuta mnyonge huyohuyo, lakini ili kimsitiri.

Na tusiwatazame Wapemba peke yao. Sifa ya uganga wa Pemba imevuka bahari siku nyingi, na wateja wake wanavuka vilevile. Wapo wanaopanda boti kutoka bara wakiwa na rozari mfukoni, wakamwambia mchungaji kwamba wamekwenda kuwaona ndugu. Wanatafuta cheo, mume, kesi iishe, mshindani aanguke. Mtu wa namna hiyo huenda haikosi ibada hata moja. Anachokosa ni uamuzi wa nani hasa wa kumcha, na wachungaji wake, naogopa kusema, mara nyingi wanamhubiria shetani zaidi ya Mungu, hadi shetani anaonekana ndiye mwenye nyumba na Mungu ni mpangaji.

Sasa shamba la Banani.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika zaidi, na kwa miongo iliyofuata karafuu ya dunia ikawa, kwa sehemu kubwa, karafuu ya Pemba. Bei ilipanda, mashamba yakapanuka, na mashamba yalimaanisha watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka uliofuata, 1873, lakini kufunga soko si kufungua minyororo. Majahazi yaliendelea kuingia usiku kwenye vihori vya Pemba, na vihori havina idadi kisiwani humo.

Ndipo ikaja amri ya tarehe 6 Aprili 1897. Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa na Waingereza mwaka mmoja kabla baada ya mizinga yao kulipiga kasri kwa muda usiofika hata saa moja, alitia saini kwamba utumwa hautambuliki tena mbele ya sheria. Vitabu vya shule husema siku hiyo utumwa ulikwisha. Haukwisha. Amri haikumwachia mtu huru. Ilimruhusu aende mwenyewe mahakamani akaombe. Bwana wake alilipwa fidia. Mwombaji alitakiwa aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Masuria hawakuhesabiwa kabisa mpaka mwaka 1909. Mfikirie mwanamke wa Kinyasa, au mzee wa Kiyao, amekaa shambani miaka thelathini, anatakiwa asimame mbele ya meza ya serikali Chake Chake aseme, kwa mdomo wake, hataki tena kuwa mali ya mtu. Halafu aulizwe: na leo usiku utalala wapi?

Swali hilo ndilo walilokuja kulijibu Marafiki, watu wa madhehebu yanayoitwa kwa jina la mtaani Makweka. Marafiki wa Uingereza walikuwa wapinzani wa utumwa tangu karne ya 18, na amri ilipokaribia walimtuma Theodore Burtt na wenzake Pemba. Henry Stanley Newman, mhariri na mzee wa jamii yao, alisafiri pia, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1898 chenye jina la shamba walilolinunua karibu na Chake Chake: Banani. Hawakuanza na kanisa la mawe. Walianza na shamba la mikarafuu ambalo hakuna mtumwa atakayefanya kazi ndani yake, na kila mkono utakaochuma utalipwa ujira. Aliyeulizwa mahakamani atalala wapi aliweza kujibu.

Ninapolifikiria shamba lile sifikirii mahubiri. Nafikiria daftari la malipo. Jina la mtu ambaye jana alikuwa hesabu ya mali ya mwingine, na mbele ya jina hilo, tarakimu zake yeye. Siku ya malipo ya kwanza lazima kulikuwa na waliofikiri ni mtego.

Usidhani nawapamba. Mikarafuu ya Banani haikupandwa na malaika. Waliipanda watumwa, na Marafiki waliinunua ikiwa tayari inazaa. Walikuwa wenye shamba, na mwenye shamba ana macho ya mwenye shamba. Wamisionari na maofisa wa zama zile waliandika mengi juu ya "uvivu" wa walioachwa huru, kana kwamba mtu aliyefanyishwa kazi bure maisha yake yote hana haki ya kukaa kivulini wiki mbili akijaribu uhuru unavyoonjeka. Wengi waliopata karatasi zao za uhuru hawakutaka kuwa vibarua wa mtu yeyote, mwema au mbaya. Walitaka kipande cha muhogo na uamuzi wa kuamka saa wanayotaka.

Hata baina ya Wakristo wenyewe mambo hayakuwa mamoja. Ofisa aliyesimamia kazi ya kuwaachia watumwa Pemba alikuwa John P. Farler, aliyewahi kuwa arkidikoni wa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Magila, Usambara. Marafiki walilalamika kwamba kazi ya serikali inakwenda polepole mno. Serikali ilikuwa na hofu zake: karafuu zisichumwe, ushuru ushuke, matajiri wafilisike. Watu wawili, Biblia moja, kisiwa kimoja. Mmoja akihesabu hasara ya msimu na mwingine akihesabu siku za mtu aliye bado kifungoni. Siwezi kumhukumu Farler moyo wake. Najua tu kwamba hesabu hizo mbili hazifanani, na kwamba kila ofisi niliyowahi kuingia ina meza mbili hizo.

Bwana wa shamba Mkristo, popote duniani, alikuwa na aya aliyoipenda, ile ya Wakolosai sura ya 3 inayowataka watumwa watii wakimcha Bwana. Aliisoma kwa sauti, akafunga kitabu. Aya chache mbele, mwanzo wa sura ya 4, mabwana wenyewe wanaambiwa watende haki na usawa, kwa kuwa nao wana Bwana juu yao. Sidhani kuna jambo linaloonyesha upungufu wa kicho kama kujua mahali pa kufunga kitabu. Wale wakunga wa Kitabu cha Kutoka, Shifra na Pua, walimcha Mungu, na kwa sababu hiyo wakamkosea Farao utii. Watoto wa kiume wakaishi. Kicho chao hakikuwafanya wanyenyekevu mbele ya kila mwenye kiti. Kiliwafanya wakaidi mahali pamoja palipostahili.

Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908, ambaye dayosisi yake iliihesabu na Pemba, aliuelewa ukaidi huo. Vita Kuu ilipokwisha, serikali ya nchi yake mwenyewe ilipoelekea kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuipinga wazi. Alikuwa Mwingereza, mwenye kanzu, mwenye mengi ya kupoteza.

Jambo jingine la Marafiki linanivutia kuliko yote, na limetajwa mara chache. Hawaapi. Wanalishika neno la Yesu katika sura ya 5 ya Mathayo, kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo na siyo yake iwe siyo. Sasa mpeleke mtu wa namna hiyo Pemba. Pwani yetu inaapa kama inavyopumua. Wallahi, haki ya Mungu, haki ya Mungu tena, naapa kwa kaburi la mama. Muuza samaki anaapa kwamba kavua leo. Mnunuzi anaapa kwamba hana zaidi ya hapo. Wote wawili wanajua, wote wawili wanacheka, bei inapatikana. Jina la Mungu limekuwa kama chumvi ya mkono, unarusha tu.

Katika soko la namna hiyo, asiyeapa anatia shaka kwanza. Mbona huyu haapi, ana nini? Itachukua misimu kadhaa kabla jirani hajagundua kwamba ukimuuliza bei atakuambia bei, na ukimuuliza kama polo lina makonyo atakuambia yamo kiasi gani. Hekima ya namna hii haina mbwembwe. Haishindi hoja, haijazi uwanja wa mpira. Ni kazi ya polepole ya kulifanya neno la mtu liwe na uzito sawa usiku na mchana.

Pengine ndiyo sababu haikukua kwa wingi. Mwaka 1902 Marafiki wengine, Wamarekani watatu, Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, walifungua misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Jamii ya Pemba ilibaki ya wachache. Wapo wanaolihesabu hilo kuwa kushindwa. Mimi naona wanapima kwa kilele, na pishi hii ni ya mfuto.

Kuwa Mkristo Pemba leo ni kuishi mbele ya macho ya watu. Kisiwa ni cha Waislamu karibu chote, tangu enzi za watu wa mji wa kale wa Ras Mkumbuu. Wakristo wapo Chake Chake, Wete, Mkoani: Waanglikana, Wakatoliki, Wapentekoste, na Marafiki wale. Wengi wao ni watu wa kuja: mwalimu, muuguzi, askari, karani. Kwa hiyo neno Mkristo na neno mbara yamekaribiana mno masikioni mwa watu, na lolote atendalo mbara huandikwa kwenye hesabu ya msalaba, ampende Yesu asimpende.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Nehemia. Alikuwa gavana, na katika sura ya 5 ya kitabu chake anasimulia kwamba magavana waliomtangulia walikula chakula cha wananchi na kuchukua fedha zao, na hata watumishi wao wakajifanya mabwana. Yeye hakufanya hivyo, na sababu anayoitoa ni moja: kicho. Hataji sheria ya utumishi wa umma. Nawaombea Wakristo wote wanaopangiwa kazi Pemba waisome sura hiyo ndani ya boti kabla hawajashuka Mkoani. Kisiwa hiki kina kumbukumbu. Tarehe 27 Januari 2001 maandamano ya upinzani yalipigwa risasi, watu wakafa, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Sina haja ya kuuliza dini ya aliyeshika bunduki. Naamini walikuwamo wa dini zote mbili. Ila mtu aliyemzika kijana wake hatakusikiliza ukimweleza habari za kicho cha Wakristo. Atakutazama unavyompanga foleni hospitalini.

Na mambo madogo ni makubwa. Mkristo mwenye busara Pemba hatafuni barabarani mchana wa Ramadhani. Akisikia msiba kwa jirani anakwenda, anakaa na wanaume barazani, hata kama dua hazifahamu. Swali ni hili: anafanya kwa kuogopa au kwa kucha? Kwa nje huwezi kutofautisha. Mkate haujaliwa, mtu amekwenda msibani. Tofauti huonekana siku asipoonwa na mtu. Nyumbani kwake, msichana wa kazi, Mpemba, amefunga. Je, anampunguzia kazi ya mchana, au anamwagiza maji mara tatu kisimani?

Nimesema sana juu ya mikono ya wengine, na haki ni kwamba niseme juu ya wangu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Wete, nikaingia duka moja kununua halua, kwani kwenda Wete ukarudi bila halua ni kujitafutia maneno nyumbani. Nikatoa noti ya shilingi 5,000. Mzee mwenye duka alikuwa akizungumza na mtu mwingine, akanirudishia chenji kama niliyetoa 10,000. Ningependa kukuambia niligundua nikiwa ndani ya boti. Niligundua mlangoni. Nikasimama kiasi cha kuvaa kiatu, nikajiambia gari linaondoka, nikaondoka. Jioni ile, bila aibu, niliongoza sala kabla ya chakula.

Ilipita zaidi ya mwaka ndipo nikarudi Wete. Nilikwenda dukani na noti ya 5,000 nimeikunja mkononi, na hotuba fupi nimeiandaa njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama noti, hakuigusa.

"Mimi siku hiyo siikumbuki," akasema.

"Mimi naikumbuka, mzee wangu. Ni haki yako."

"Umeniambia wewe ni yangu. Mimi sijui kama ni yangu. Nikiipokea, nitakuwa nimechukua nisichokijua." Akafikiri kidogo. "Mtafutie mwenye haja, umpe. Usiniandikie mimi thawabu zake, wala usijiandikie wewe."

Nikamwomba basi anipimie halua. Akakata, akaweka kwenye mizani, akaongeza kipande, akakifunga kikapu. Nikalipa. Alizihesabu noti zangu mara mbili, pole pole, mbele yangu, kisha akahesabu chenji mara mbili vilevile. Adhana ya alasiri ilianza, akateremsha nusu ya mlango wa duka, akaniaga. Nikabaki barazani na kikapu mkono huu na ile noti mkono ule, na utingo wa gari la Chake ananipigia kelele nipande au nisipande.